Kinachotoka shambani na kinachorudi: Afya ya udongo na biashara ya mabaki ya mazao

Kila msimu wa mavuno unapoisha, maswali yanayofika studio kwa simu na ujumbe mfupi hufanana. Nichome mabua au niyaache? Kuna mtu anataka kununua samadi yangu, nimuuzie? Mbona naweka mbolea ileile ya dukani kila mwaka lakini gunia zinapungua?

Maswali haya matatu yana mzizi mmoja, na ndiyo maana tumeyakusanya hapa pamoja. Hifadhi makala haya kwenye simu yako, uyasome kidogo kidogo, au usome ile sehemu unayoihitaji.

Kwa ufupi

- Kila gunia linalotoka shambani linaondoka na chakula cha mimea kilichokuwa kwenye udongo. Kisiporudishwa, udongo unachoka.
- Mbolea ya dukani hurudisha sehemu ya chakula hicho. Hairudishi masalia ya mimea ambayo udongo unayahitaji ili ushike maji na mbolea.
- Mabaki ya mazao sasa yana soko: chakula cha mifugo, mkaa mbadala, biogesi. Kabla hujauza, jiulize ni nini kitarudi shambani kwako.

Udongo wenye afya ni upi?

Udongo si mchanga na vumbi tu. Ndani yake mna hewa, maji, mizizi, masalia ya mimea iliyooza na viumbe wengi mno. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaeleza kwamba kijiko kimoja cha mezani cha udongo kina viumbe wengi kuliko idadi ya watu wote duniani. Wengi wao hatuwaoni kwa macho. Tunaowaona ni nyungunyungu, mchwa, jongoo na wadudu wengine.

Viumbe hawa ndio wanaovunja majani na mabua kuwa chakula cha mimea. Nyungunyungu hutoboa njia ambazo maji ya mvua hupitia. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, kunde na mbaazi hukamata nitrojeni iliyoko hewani na kuupa mmea. Lakini nao wanahitaji kula, na chakula chao ni masalia ya mimea na wanyama. Shamba linalofagiliwa au kuchomwa likabaki jeupe kila mwaka linawanyima chakula.

FAO pia inasema takribani asilimia 95 ya chakula chetu hutokana na udongo, moja kwa moja au kupitia mifugo. Na sentimita 2 au 3 tu za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujitengeneza. Mvua moja kubwa kwenye mteremko usio na kinga huweza kuondoa sehemu ya hazina hiyo ndani ya saa moja.

Hesabu ya gunia 10

Tuchukue shamba la ekari moja lililotoa gunia 10 za mahindi, kila gunia kilo 100. Hiyo ni tani moja ya nafaka.

Ndani ya tani hiyo mna takribani kilo 15 za nitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 4 za potasiamu. Nitrojeni hukuza majani na shina. Fosforasi husaidia mizizi na punje. Potasiamu huimarisha mmea dhidi ya ukame na magonjwa. Vyote hivyo vimetoka kwenye udongo wako na vimepanda gari kwenda sokoni.

Sasa angalia mfuko wa mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una takribani kilo 13 za nitrojeni. Maana yake, gunia zako 10 zimeondoka na nitrojeni inayozidi mfuko mzima wa CAN.

Bado hatujagusa mabua. Tani moja ya mabua makavu ina kilo 6 hadi 8 za nitrojeni na zaidi ya kilo 10 za potasiamu. Kwa maneno mengine, potasiamu nyingi ya mmea wa mahindi haimo kwenye punje, imo kwenye mabua. Mkulima anayeuza mahindi na kuacha mabua anapoteza kidogo. Anayeuza mahindi na mabua pia anapoteza zaidi ya mara tatu ya potasiamu hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. DAP, ambayo wengi tunapandia, ina nitrojeni na fosforasi. Urea, ambayo wengi tunakuzia, ina nitrojeni tu. Hakuna potasiamu hata kidogo katika mifuko hiyo miwili. Kwa hiyo mtu anayetumia DAP na Urea kila mwaka, huku mabua yake yakiondoka kila mwaka, anachota potasiamu bila kurudisha. Kwenye udongo wenye asili ya volkano akiba inaweza kudumu muda mrefu. Kwenye udongo wa kichanga huisha mapema.

Kuchoma mabua je?

Ukichoma, nitrojeni iliyomo kwenye mabua hupotea hewani pamoja na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini majivu ni mepesi: upepo huyapeperusha na mvua ya kwanza huyasomba. Na viumbe wa udongo wanakosa chakula.

Wanaochoma wana sababu zao. Shamba linakuwa safi, kulima kunakuwa rahisi, na wadudu wanaojificha kwenye mabua hufa. Lakini kuna njia nyingine. Mabua yanaweza kulazwa katikati ya mistari yakawa matandazo. Yanaweza kukatwakatwa na kuwekwa kwenye mboji, ambapo joto la lundo linaua wadudu wengi na mbegu nyingi za magugu. Au yanaweza kulishwa ng'ombe zizini, kisha samadi irudi shambani. Mimea yenye ugonjwa mkali ndiyo ya kuondolewa na kuteketezwa.

Kwa nini mbolea ya dukani peke yake haitoshi

Hatusemi mbolea ya dukani ni mbaya. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kwa sababu wakulima wengi wa bara hili walikuwa wanatumia mbolea kidogo mno. Hapa Tanzania, tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku imekuwa ikitolewa kwa wakulima waliojisajili, na imewasaidia wengi kununua.

Lakini viongozi walipokutana tena Nairobi, Mei 2024, mkutano uliitwa wa mbolea na afya ya udongo. Maneno hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu maalumu. Mbolea inayowekwa kwenye udongo uliochoka haifanyi kazi yote uliyoilipia. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni ukosefu wa masalia ya mimea. Udongo usio na masalia haushiki maji wala mbolea. Mvua ikinyesha sana, nitrojeni huzama chini kuliko mizizi inavyofika. Jua likiwaka wiki mbili, mahindi yananyauka wakati ya jirani bado yamesimama.

Ya pili ni tindikali. Udongo wenye pH chini ya 5.5 hukamata fosforasi na kuifungia, hata kama umeweka DAP. Pia huachia aluminiamu inayodumaza mizizi. Sehemu za Nyanda za Juu Kusini na Kagera, ambako mvua ni nyingi, zina udongo wa namna hii. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, pamoja na samadi au mboji. Kuongeza mfuko wa DAP juu ya mfuko hakutatui. Lakini usinunue chokaa kwa kubahatisha. Pima kwanza, kwa sababu ikizidi nayo ina madhara.

Mabaki yamekuwa mali

Zamani mabua, magunzi, maganda ya mpunga na mashudu vilihesabiwa kuwa taka. Leo vina wanunuzi. Wataalamu wanaita mpango huu uchumi wa kibayolojia: kutengeneza chakula, nishati, malisho na bidhaa nyingine kutokana na mimea, wanyama na mabaki yake, badala ya kutegemea mafuta ya petroli na vitu vya kuchimbwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wake wa uchumi huu, wa kuanzia 2021/22 hadi 2031/32, unaoratibiwa na kamisheni yake ya sayansi na teknolojia, EASTECO, yenye makao Kigali.

Mfano wa karibu ni mkonge wa Tanga. Jani la mkonge likipita mashineni, nyuzi ni sehemu ndogo sana, karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa iliyobaki ilimwagwa. Katika miaka ya 2000, pale Hale, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme.

Ni fursa ya kweli, na vijana wengi wanaweza kupata kazi humo. Lakini kwa mkulima swali linabaki: bidhaa hii inaondoka na nini, na inaacha nini? Tuzipitie moja moja.

*Mafuta ya alizeti.* Mafuta yenyewe hayana nitrojeni, fosforasi wala potasiamu ya kuhesabika. Virutubisho vyote vinabaki kwenye mashudu. Ukiuza mbegu nzima kwa mchuuzi, vinaondoka. Ukikamua kijijini, ukauza mafuta na kubaki na mashudu kwa ajili ya kuku na ng'ombe wako, sehemu kubwa inarudi shambani kama samadi.

*Biogesi.* Samadi ikiingia kwenye mtambo, gesi inayotoka ni ya kupikia. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki kwenye tope linalotoka upande wa pili. Tope hilo ni mbolea nzuri. Hasara inakuja pale linapoachwa limwagike bondeni au likauke juani.

*Mkaa mbadala.* Mkaa wa magunzi au maganda unaokoa miti. Lakini nitrojeni nyingi inapotea katika kuchoma. Magunzi yana virutubisho vichache kuliko mabua na majani, kwa hiyo ukitaka kutengeneza mkaa anza na magunzi. Majivu ya jikoni yarudishe shambani, kidogo kidogo, ila si pale penye magadi au chumvi.

*Funza wa chakula cha kuku.* Wapo wanaofuga nzi weusi wa aina ya BSF kwa taka za jikoni na sokoni. Funza wanakuwa chakula cha kuku na samaki, na kinachobaki ni mbolea.

*Mabua na samadi vinavyouzwa vikiwa ghafi.* Hapa ndipo mkulima anapopoteza zaidi, maana hakuna kinachobaki. Kama shida ya fedha inakulazimu kuuza, uza sehemu, na katika bei hesabu mbolea utakayonunua kufidia. Ikiwa fedha ya mabua ya ekari nzima haifiki hata nusu ya mfuko wa mbolea, biashara hiyo inakula mtaji wako.

Kilimo cha wazee kilikuwa na hesabu hii

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalima kwenye milima mikali kwa ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama vyumba vya dama, kisha udongo unachimbwa katikati na kufunika nyasi hizo. Kinachotokea ni mashimo mengi yanayokamata maji ya mvua, na matuta yenye nyasi zinazooza chini ya mizizi ya maharage na mahindi. Mfumo huu una zaidi ya miaka 100, na umeshikilia udongo kwenye miteremko ambayo bila huo ingebaki mawe.

Kilimanjaro kuna kihamba. Migomba, kahawa, miti na mboga hukaa pamoja, ng'ombe wapo zizini, majani ya migomba yanawalisha, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 FAO iliitambua kihamba ya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Mpya nazo zipo. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao Nairobi, pamoja na wenzao, walianza miaka ya 1990 mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembezoni. Desmodiamu hufukuza kipekecha shina, huzuia kiduha na kuongeza nitrojeni kwenye udongo. Majani ya tembo huvutia kipekecha shina kitoke nje ya mahindi. Yote mawili ni malisho ya ng'ombe, kwa hiyo mabua yanaweza kubaki shambani.

Namna ya kutengeneza mboji

1. Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba au zizi, pasipotuama maji. Upana na urefu wa kwenda juu uwe angalau mita moja, la sivyo lundo halitapata joto.
2. Anza na vijiti au mabua mazito chini ili hewa ipite.
3. Weka tabaka la vitu vikavu: mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu, maganda. Juu yake weka vitu vibichi: magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya maharage, mabaki ya mboga.
4. Ongeza samadi na udongo kidogo wa juu. Nyunyizia maji. Rudia tabaka hizo hadi lundo lijae.
5. Funika kwa majani ya migomba au nyasi. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati.
6. Baada ya siku chache chomoa kijiti. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, maji yamezidi: geuza na uongeze vitu vikavu.
7. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Ndani ya miezi miwili hadi mitatu, ikiwa nyeusi, inamegeka na ina harufu ya udongo baada ya mvua, iko tayari.

Usiweke plastiki, nyama, vioo wala betri.

Samadi nayo itunzwe. Ikiachwa wazi juani na mvuani, nguvu yake inapotea. Iweke kivulini na uifunike. Kwa makadirio, kilo 100 za samadi kavu ya ng'ombe zina kilo moja hivi ya nitrojeni, na huachia polepole zaidi ya msimu mmoja. Kama samadi yako haitoshi ekari nzima, iweke kwenye mashimo ya kupandia tu, kiganja au viwili kila shimo, badala ya kuitawanya.

Kupima udongo wako

Vipimo viwili havihitaji fedha. Chukua bonge la udongo mkavu la shambani na lingine kutoka chini ya uzio ambako hapajalimwa, na uyatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. Linalosambaratika haraka limekosa masalia ya kulishikilia. Kisha, udongo ukiwa na unyevu, chimba shimo la jembe moja sehemu zote mbili na uhesabu nyungunyungu. Tofauti utakayoiona itakueleza mengi.

Kupima pH na virutubisho kunahitaji maabara. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana maabara za udongo. Muulize afisa ugani wa kata kuhusu gharama na kama kuna kipimo cha karibu. Sampuli ichukuliwe hivi: pita shambani kwa kupindapinda, chimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epuka kichuguu, njia, zizi la zamani na chini ya mti. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa kilo moja, kausha kivulini, na uandike jina la shamba na tarehe.

Si jambo la mtu mmoja

Unaweza kuacha mabua yako yote shambani, halafu usiku mmoja ng'ombe wa watu wakayamaliza. Katika vijiji vingi mavuno yakishaisha, shamba huhesabiwa malisho ya wote. Mfugaji naye ana haja ya kweli, maana kiangazi nyasi hakuna. Kugombana hakujaleta samadi wala mabua. Zipo sehemu ambako mkulima na mfugaji hukubaliana: ng'ombe walale shambani siku kadhaa, wale mabua, na samadi ibaki hapohapo. Makubaliano ya namna hii hukaa vizuri yakipita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na, ikibidi, yakaandikwa kuwa sheria ndogo.

Nchi yetu iliwahi kujadili mambo makubwa kwa njia ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikakubaliana kitendo kimoja na kukitekeleza.

Utaratibu huo bado unafaa. Kwa vikundi vya wasikilizaji, vikoba na vyama vya ushirika, tunapendekeza maswali haya kwa kikao kimoja:

- Msimu uliopita, ni mabaki gani yalitoka kijijini kwetu, yalikwenda wapi, na tulilipwa kiasi gani?
- Nani anaamua yauzwe nyumbani kwetu, na nani anabeba kazi ya kusomba samadi? Je, ni mtu mmoja?
- Tuna makubaliano gani na wafugaji baada ya mavuno? Yameandikwa?
- Nani atatoa robo ekari tuweke mboji upande mmoja na upande mwingine tusiweke, tupime gunia mwishoni mwa msimu?

Andikeni majibu na kile mlichokubaliana, pamoja na gunia mlizopata kila upande. Mkiyapiga picha kwa simu na kututumia, tutayasoma hewani katika kipindi cha kilimo ili vijiji vingine navyo vijifunze.